Namba Isiyo na Sarafu

Mlionitumia matusi wiki nzima kwa kuwakatia hadithi pabaya, matusi yamefika, nimeyasoma yote, sasa kaeni.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa wazima moto, maonyesho ya sarafu ya klabu yetu, Aprili, na theluji bado imejilaza kwenye maegesho kama haijaambiwa imefukuzwa. Mzee Verlyn Haupt, mwenyekiti, kaweka picha mbili kwenye skrini kubwa. Nyati wake kushoto. Nyati wa Renae Delfosse kulia.

Senti tano za mwaka 1937, na nyati amesimama kwa miguu mitatu, kwa sababu fundi mmoja kiwandani alisugua muhuri wa kugongea sarafu mpaka mguu mmoja ukafutika. Nyati wa namna hiyo ni wachache. Ila hawa wawili hawakuwa hata wawili. Doa lile lile jeusi kwenye nundu. Mkwaruzo ule ule juu ya mkia. Sarafu moja, picha mbili.

Na Verlyn akasema kwenye kipaza sauti: "Hiyo ni sarafu yangu, imeibwa, na mwizi ni huyu binti."

Hapo ndipo nilipowaacha. Twende.

Ukumbi mzima ukageuka. Hata waliokuwa kwenye foleni ya booyah, ile supu yetu ya kuku na nyama inayopikwa kwenye masufuria makubwa kama mapipa, waligeuka na mabakuli mkononi.

Mlidhani Renae atalia? Basi hamjamjua.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Neno la mwisho. Kuna wazee huku nyuma masikio yamechoka, nataka nao wakusikie."

Verlyn akakohoa. "Nimesema sarafu imeibwa."

"Umesema mwizi. Mbona sasa unalimeza?"

Mjomba Gordy akapiga meza. Si mjomba wa damu, alikuwa rafiki wa kuwinda wa marehemu Orrin, baba yake Renae. "Huyo anameza kila kitu, mwanangu! Muulize mkanda wake!"

Watu wakacheka. Verlyn hakucheka. Na mwanamke mmoja aliyeketi mezani mbele na kompyuta yake hakucheka vilevile. Huyo ni Bi. Corinne Astley, ametoka Chicago, mtu wa rejista.

Kwa aliyeingia leo: hiyo rejista iko mtandaoni. Kila sarafu iliyopimwa inafungwa kwenye kasha la plastiki lenye alama ya ubora wake na namba yake. Wewe unaingiza namba zako, kompyuta inajumlisha alama, inakupanga. Seti za nyati, kwa miaka mingi, wa kwanza ni Verlyn Haupt, na kila mwaka anapokea ngao kama amezaa nchi. Orrin Delfosse alikufa akiwa wa pili, seti yake ina tundu moja tu tupu. La nyati wa miguu mitatu.

Mwezi uliopita Renae akalijaza. Seti ya "Nyati wa Orrin" ikapanda juu ya Verlyn. Sasa mnaelewa kwa nini mzee alikuwa anatokwa na mvuke.

"Dada Renae," Corinne alisema, "sarafu moja haiwezi kukaa kwenye seti mbili. Nimeifunga seti yako kwa kufuli. Orodha ya mwaka tunaifunga leo maonyesho yakiisha. Ukiiondoa hiyo sarafu, seti inabaki, unarudi wa pili. Usipoiondoa, kanuni inasema nifute seti yote."

"Yote?"

"Na jina la baba yako."

Akamgeuzia kompyuta. Kitufe chenyewe kilikuwa chekundu: ONDOA.

Verlyn akasogea, akainama sikioni kwa Renae kama padri. Akanong'ona. Renae akamsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha akamnyang'anya kipaza sauti.

"Jamani, Mzee Haupt ananinong'oneza hapa kwamba nikibonyeza, atasema alikosea kidogo tu, na polisi wa kaunti hawatapigiwa simu. Nimeona si vizuri nifaidi peke yangu."

Wee! Ukumbi ukalipuka.

"Sibonyezi," Renae alisema. "Seti hii baba yangu ameijenga maisha yake yote. Anayetaka kuifuta aifute mbele ya watu, na kwanza anijibu maswali. Mzee, sarafu yako iliibwa lini?"

"Novemba iliyopita. Msimu wa kuwinda kulungu. Nyumba ilikuwa tupu."

"Ikiwa kwenye kasha?"

"Kwenye kasha lake, na namba yangu juu."

"Yangu ina namba nyingine."

"Ndiyo!" Verlyn aliinua kidole, macho yakamng'aa. "Mwizi wa gari hufanya nini? Si anabadilisha namba? Mwizi kavunja kasha, kaipeleka sarafu kwa wapimaji upya kama mtoto yatima, wakaipa namba mpya. Ndiyo hiyo uliyonayo!"

Wakapiga makofi. Wengi. Na mimi nawaambia ukweli, ilieleweka. Hata Mjomba Gordy akajikuna shingo na kutazama viatu vyake. Mzee mmoja karibu na mlango akasema, "Amekwisha huyo mtoto."

Renae akangoja makofi yaishe.

"Kwa hiyo namba yangu imezaliwa baada ya Novemba."

"Lazima."

"Haiwezi kuwa kabla?"

"Binti, nilikuwa nashika sarafu kabla wewe hujashika kijiko. Haiwezi."

"Dada Corinne, hebu tusomee. Namba yangu ilitolewa lini?"

Corinne akabonyeza. Akasoma kimya. Akasogeza miwani, akasoma tena.

"Julai," alisema. "Julai ya miaka minne iliyopita."

  

Kisha Mjomba Gordy: "Mkamateni huyo mwizi, ila msimpige! Kama ameiba Novemba akauza miaka minne nyuma, anajua na matokeo ya Packers, timu yetu ya mpira, ya mwaka kesho!"

Watu walicheka mpaka mtu akamwaga supu. Verlyn alibadilika rangi, akawa kama kiazi kilichomenywa.

"Basi iliibwa zamani," alisema. "Mimi nimegundua Novemba. Sikuwa nafungua sefu."

Corinne akainua kichwa. "Mzee Haupt, kila mwaka unathibitisha kwamba sarafu zote ziko mkononi mwako. Kila mwaka umebonyeza 'ninazo'."

"Nilijua ziko! Sefu ina funguo mbili tu. Mmoja ninao mimi, hautoki kwenye mkanda huu."

"Na wa pili?" Renae aliuliza.

Sasa sikilizeni. Yule mzee alikuwa na nafasi ya kusema nimekosea, akaondoka zake. Alitazama ngao pale mezani, ya mwaka huu, inang'aa. Akatazama dirisha la jikoni. Akaitazama ngao tena.

"Wa pili," alisema polepole, "anao mke wangu."

Mungu wangu.

Kwenye dirisha la jikoni alikuwepo LaVonne Haupt, aproni kiunoni, upawa mkononi, akimmiminia mtu supu. Upawa ukasimama hewani.

"Umesema nini, Verlyn?"

"Nimesema ukweli tu, LaVonne. Funguo ni mbili."

"Umesema mimi mwizi. Mbele ya watu ninaowalisha."

"Sijasema mwizi."

"Leo hilo neno linakukwama sana kooni," Renae alisema.

LaVonne akauweka upawa chini taratibu. Akafuta mikono. Akatoka jikoni kwa mlango wa pembeni, na watu wakampisha bila kuambiwa.

"Sasa nitasema mimi," alisema, "na wewe Verlyn utafunga mdomo, maana nimekusikiliza tangu tuoane na sijawahi kupewa zamu."

"LaVonne, twende nyumbani."

"Nyumbani ndiko ninakotaka kuanzia. Kwenye gereji yetu kuna jiliwa, kile chuma cha kubania vitu, limefungwa kwenye meza. Miaka minne iliyopita, baada ya misa, huyu bwana alilibana kasha la nyati wake pale. Akakaza. Plastiki ikapasuka pwaa. Nilidhani amejipiga risasi."

Minong'ono. Kila mwenye sarafu pale ukumbini alijua anachokisikia. Ugonjwa wetu huo. Unayo sarafu nzuri, ina alama nzuri, lakini unalala ukiota alama moja zaidi. Basi unavunja kasha, unaituma upya, unaomba Mungu safari hii wapimaji wawe wameamka vizuri. Wengine wanapanda. Wengine wanalia.

"Alitaka alama moja juu," LaVonne aliendelea. "Ikarudi moja chini. Siku hiyo hakula, hakuongea, hakumpa mbwa chakula. Halafu akaniambia, LaVonne, sitaki kuiona tena. Akanituma mimi Milwaukee nikaiuze kwa mfanyabiashara asiyemjua. Nikaiuza."

"Ndiko nilikoinunua," Renae alisema. "Milwaukee. Mwaka jana."

"Najua, mwanangu. Nilipoiona picha yako mwezi uliopita niliitambua kama unavyotambua sahani ya nyumbani. Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu."

Corinne alikuwa amesimama. "Na ile karatasi ya namba ya zamani? Ukivunja kasha unatakiwa kuirudisha kwa wapimaji, namba ifutwe."

"Iko kwenye mtoto wa meza yake. Hakuirudisha."

Basi mmeelewa? Kwa miaka minne, juu kabisa ya rejista, mahali pa nyati wa miguu mitatu wa Verlyn Haupt, palikuwa na namba tu. Sarafu hakuna. Namba inapokea alama, inapokea ngao, inapigiwa makofi, na nyuma yake hewa. Na alipoona Renae ameweka picha ya sarafu ile ile, aliogopa atakayeuliza. Akaamua awahi kuuliza yeye.

"Mwanamke huyu amechanganyikiwa," Verlyn alisema. Lakini alisema kama mtu anayeongea na glasi ya maji.

"Mzee Haupt," Corinne alisema, "naomba uniangalie. Ulivunja kasha?"

Verlyn alikuwa anaangalia ngao.

Corinne akaketi, akabonyeza mara mbili. Kwenye skrini kubwa seti ya Haupt ikatetemeka, ikashuka. Ya pili. Ya tatu. Ya tano. Ikaendelea kushuka mpaka ikatoka nje ya picha. Na kando ya "Nyati wa Orrin" ile alama ya kufuli ikapotea.

Wa kwanza.

Mjomba Gordy akatupa kofia juu ikanasa kwenye feni. Watu wakamkumbatia Renae, hata yule mzee wa mlangoni aliyesema amekwisha. Renae mwenyewe aliangalia tu jina la baba yake pale juu.

Hadithi ingeweza kuishia hapo. Mngefurahi, mngenunua gazeti lingine. Lakini Verlyn Haupt hakuwa mtu wa kuanguka peke yake.

"Na yake?" alipiga kelele. "Nani ameziangalia za kwake? Mnadhani Orrin Delfosse alikuwa malaika? Orrin naye jiliwa alilijua! Gereji yangu alikuwa anaingia bila kubisha hodi!"

"Wee Verlyn!" Gordy alimwendea, akiwa amekunja ngumi. "Marehemu usimguse, nitakutumbukiza kwenye sufuria la booyah mzima mzima!"

"Muache," Renae alisema.

"Mwanangu, achana naye. Umeshinda. Chukua ngao, twende tukale."

"Nimesema muache, Mjomba. Anataka ziangaliwe? Ziangaliwe." Akageukia Corinne. "Zangu zote ziko pale mezani kwangu. Chukua kila kasha, linganisha na picha yake. Hapa hapa, kwenye skrini, watu waone."

"Si lazima," Corinne alisema.

"Ni lazima. Nataka nitoke hapa pasiwe na mtu wa kuninong'oneza tena. Baba yangu hakuwa na cha kuficha."

Gordy akamshika mkono. "Renae. Mtu akifa anaacha vitu vingi. Si vyote vya kufunua."

Renae akautoa mkono wake. "Unajua kitu?"

"Sijui kitu. Nasema tu."

"Basi kaa."

Wakaleta makasha. Corinne anaweka moja chini ya kamera, picha ya rejista inakuja pembeni yake, ukumbi unaangalia. Sawa. Inayofuata. Sawa. Nyati wa kiwanda cha Denver, sawa. Nyati wa Philadelphia, sawa. Watu wakaanza kuchoka, foleni ya supu ikarudi. Verlyn kakunja mikono, anatafuna ndani ya shavu. Yule wa miguu mitatu, sawa, makofi kidogo.

Kisha Corinne akasita.

Ilikuwa ya mwaka 1926, ya San Francisco. Sarafu ambayo Orrin aliipenda kuliko gari lake. Corinne akaizungusha. Akakuza picha. Chini ya kidevu cha nyati, kwenye ndevu, picha ya rejista ilionyesha kovu dogo, kama kucha ya mtoto.

Kwenye sarafu iliyo ndani ya kasha, ndevu zilikuwa laini.

Corinne akachukua lenzi, akapima ukingo wa plastiki.

"Kasha hili limefunguliwa," alisema, sauti ndogo. "Likagundishwa tena. Sarafu iliyomo siyo iliyopimwa. Hii ni ya hali ya chini sana."

Verlyn akacheka. Kicheko kimoja tu, kikavu, kama mlango wa ghala.

"Namba isiyo na sarafu!" alisema. "Karibu klabuni, binti!"

Gordy akafunika uso kwa kiganja.

Renae alikisogelea kile kipande cha plastiki akakiangalia kwa muda. Baba yake alikuwa akimpa akishike siku za Jumapili, kwa ncha za vidole, kama kifaranga. Lini alishika kifaranga, na lini alianza kushika uongo? Hakujua.

Corinne akamvuta pembeni. "Dada, sikiliza. Hukujua, hilo kila mtu ameliona. Tukiandika leo kwamba kuna jambo linachunguzwa, orodha inafungwa hivi hivi. Unabaki wa kwanza. Mambo mengine mwezi ujao."

"Nikiiondoa?"

"Unashuka mpaka wa nne. Wa kwanza anakuwa daktari wa meno mmoja wa Nebraska."

"Anajua?"

"Sidhani kama ameamka."

Renae akatabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile. Akarudi mbele ya watu.

"Saa ile niliambiwa nibonyeze kitufe hiki kwa sarafu niliyo nayo," alisema. "Nikakataa. Ningekataa hata mngeniletea jeshi. Sasa naambiwa nisikibonyeze kwa sarafu nisiyo nayo." Akamtazama Verlyn. "Mzee, angalia vizuri inavyofanywa. Haiumi kama ulivyodhani."

Akaweka kidole. ONDOA.

"Nyati wa Orrin" ikashuka. Ya pili, ya tatu, ya nne. Ikasimama.

Hakuna aliyepiga makofi. Lakini yule mzee wa mlangoni akavua kofia, na wengine wakavua. Verlyn akawa hana pa kuweka macho.

Ndipo kiti kikalia. LaVonne alikuwa ameketi ghafla.

"Mwanangu," alisema. "Una haki ya kujua ile sarafu ya 1926 iko wapi."

Akaingiza mkono ndani ya shingo ya blauzi yake, akavuta mkufu. Kwenye mkufu palining'inia kitu kidogo cha kijivu. Kimetobolewa tundu juu ya pembe, kikapitishwa pete.

Nyati. Na chini ya ndevu zake, kovu kama kucha ya mtoto.

Jamani. Kwenu ninyi hiyo ni senti tano yenye tundu. Kwa watu wa ukumbi ule, ni kama mmewaonyesha farasi wa mashindano amefungwa jembe. Mwanamume mmoja aligeuza uso kabisa.

"Uliniambia ya bibi yako!" Verlyn alisema.

"Na wewe uliangalia shingo yangu lini, Verlyn? Ungeletewa shingo hii kwenye plastiki ungeipima kwa lenzi."

Kuna waliotaka kucheka wakaogopa.

Renae alikuwa amekaribia. Alisimama juu ya LaVonne. "Baba ndiye aliyekupa?"

"Alinipa yeye. Alilivunja kasha kwenye jiliwa letu, akaitoboa mwenyewe. Alilia akitoboa."

"Mlikuwa wapenzi."

"Hapana, mwanangu." LaVonne akatikisa kichwa. "Ingekuwa mapenzi ningeivaa nje ya blauzi. Alinipa ninyamaze."

"Unyamaze nini?"

LaVonne akamtazama Gordy. Gordy akatazama sakafu. LaVonne akamtazama mumewe.

"Kuhusu mama yako," alisema.

Renae alilelewa akijua kitu kimoja: mama yake aliondoka yeye Renae akiwa hajaanza shule, akapanda basi, hakugeuza shingo. Orrin alilisema hilo mara moja na hakurudia. Hakukuwa na picha nyumbani. Hakukuwa na jina lake mezani.

"Mama yangu aliondoka."

"Aliondoka, ndiyo." LaVonne akaushika mkufu kwa mkono mzima. "Halafu akarudi. Akaja kukutafuta."

"LaVonne!" Verlyn alinguruma. "Hilo tulikubaliana! Wote tulikubaliana!"

Tulikubaliana. Wote. Mmelisikia neno hilo? Renae alilisikia. Akageuka taratibu, akamwangalia Verlyn, akamwangalia Mjomba Gordy, aliyekuwa amemfundisha kuendesha gari, kuvua samaki kwenye barafu, na kutomwogopa mtu yeyote. Gordy hakuinua uso.

"Renae, mwanangu," alisema, "si hapa. Nakuomba. Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele ya watu wote hawa nimeitwa mwizi," Renae alisema. "Mbele yao nimemshusha baba yangu kwa kidole changu. Hakuna kilichobaki cha kunisetiri, Mjomba. Atasema hapa hapa."

Akachukua kipaza sauti, akakiweka mkononi mwa LaVonne, akavifunga vidole vya yule mama juu yake.

"Umelipwa kunyamaza, Mama LaVonne. Aliyekulipa amekufa. Sema."

LaVonne akakiinua kipaza sauti mdomoni.

Verlyn Haupt, na uzito wake wote, alikimbia. Alipita katikati ya meza mbili, akaangusha trei ya senti za watu, akafika ukutani, akashika waya na kuung'oa. Spika zikakoroma, zikafa. Skrini ikawa nyeusi.

"Maonyesho yameisha!" alisema, akihema. "Kila mtu nyumbani kwake!"

Hakuna aliyesogea hata kiatu.

LaVonne akakiangalia kile kipaza sauti kilichokufa. Akakiweka mezani. Akasimama, akafungua aproni, akaikunja. Alikuwa mwanamke ambaye maisha yake yote ameita watu kuja kula, kutoka jikoni mpaka nje kwenye maegesho, na sauti yake ilikuwa haijawahi kuhitaji umeme.

Akavuta pumzi.